Tumelikosa duka la vitu vya jeshi Mkokotoni

WAKAAZI wa Mkokotoni, Tumbatu na vijiji vya Kaskazini ‘A’ waliofika umri wa miaka thelathini na ushei watalikumbuka lile duka la vitu vya jeshi. Halikuwa na ubao wa jina. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbao, si mbali na marikiti ya samaki, na ukilipita mchana wa jua ulikuwa unasikia harufu ya turubali, mafuta ya taa na mpira. Lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hivi sasa pahala pale panauzwa simu na kusajiliwa laini.

Ninalitaja katika kurasa hizi za biashara na kilimo si kwa ajili ya kukumbuka utoto tu. Wiki chache zilizopita nilikaa na kikundi cha akina mama waanika dagaa kupiga hesabu zao za msimu, na katika gharama zote walizozitaja iliyonishughulisha zaidi ilikuwa ya maturubali. Kila mwanachama alinunua moja, wengine mawili, na karibu yote yalikuwa yameshachanika kabla msimu haujamalizika. Mama mmoja akasema, “Mwanangu, zama za duka la vitu vya jeshi turubali lilikuwa likirithiwa.” Wenzake wakacheka. Mimi niliandika katika daftari langu, kwa sababu katika fani yetu ya uchumi kitu kinachorithiwa na kitu kinachochanika msimu wa kwanza haviwezi kuandikwa katika safu moja ya matumizi.

Ndani ya duka lile kulikuwa na maturubali ya pamba nzito yenye rangi ya kijani iliyofifia, shanta za mgongoni, mablanketi ya kijivu, vitanda vya kukunja, vyandarua, mabuti meusi ya ngozi, gambuti, jerikeni za chuma, kandili, vipuri vya karabai, dira ndogo za mkononi, kamba za kila unene, ndoana na jaketi za kujiokolea baharini. Kulikuwa pia na majembe na mapanga, ambayo hayakutoka katika jeshi lolote duniani, lakini watu waliyaita vitu vya jeshi vilevile kwa kuwa yalikaa katika duka hilo. Mwenyewe alikuwa akisema mzigo mwengine unatoka Dubai na mwengine Mombasa. Sisi watoto wa skuli tulikuwa tunakwenda kuangalia makopo ya chakula ya askari yenye mkono wa kukunja, na mwenye duka alituacha tuyashike madhali hatujayaangusha.

Msomaji asishangae vitu vya kivita kufika mpaka kwenye mashua ya mvuvi wa Tumbatu. Vitu vingi tunavyovitumia shambani na baharini vilipita jeshini kwanza. Jerikeni ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakaiona ni bora kuliko madebe yao wakaiiga, na jina lenyewe linatokana na neno la utani ambalo askari wa Kiingereza waliwaitia Wajerumani. Land Rover za mwanzo za mwaka 1948 zilipakwa rangi ya kijani kwa sababu rangi iliyopatikana kwa wingi baada ya vita ilikuwa ile iliyobakia jeshini. Na biashara ya kumvalisha msafiri si ngeni katika kisiwa hiki. Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walianza kwa kununua Unguja: nguo za merikani, shanga, waya na vinginevyo, ndipo wakavuka kwenda bara.

Lakini ninachotaka kukizungumza hasa ni namna mzee yule alivyouza.

Ukiingia kutaka turubali hakukutajia bei. Alikuuliza la kufunika nini. Ukisema la kufunika mpunga, alikutolea moja. Ukisema la dagaa, alikutolea jengine, na ukisema la kufunika mashine ya boti akakuambia turubali silo unalolihitaji, chukua kipande hiki. Mtu akitaka gambuti aliulizwa anakwenda bondeni kwenye mpunga au pwani kwenye mwani, kwa kuwa gambuti refu linalofaa kwenye tope ni mzigo kwa mtu anayekwenda na maji ya kiunoni. Likijaa maji linamtatiza kutembea. Wapo waliochoshwa na maswali hayo wakamwita mzee mdadisi. Mimi leo, baada ya miaka kadhaa ya kusoma na kufanya kazi na wakulima, naona yale maswali ndiyo yaliyokuwa bidhaa yenye thamani kubwa kabisa mle dukani.

Tuchukue hilo turubali. Turubali la pamba nzito lililotiwa nta linapitisha hewa kidogo huku likizuia maji. Dagaa waliochemshwa na kutiwa chumvi, wakifunikwa ghafla kwa sababu ya wingu la mvua, bado wanatoa mvuke. Chini ya karatasi la plastiki mvuke ule unaganda, unarudi kama matone, na asubuhi mwanikaji anakuta dagaa wamelowa ingawa mvua haikuwagusa. Wakishalowa wanavunjika na kuota ukungu, na hapo bei yao si ya chakula cha mtu tena bali ya chakula cha kuku. Wanunuzi wanaopeleka dagaa wa Unguja hadi Kongo wanalijua hilo vizuri. Wanatia mkono ndani ya gunia, wananusa, wanaondoka.

Jengine ni jua. Plastiki ya kawaida inakatwakatwa na mionzi ya jua kidogo kidogo mpaka inakuwa kama ganda la kitunguu. Zipo plastiki zilizotiwa dawa ya kuhimili jua, nazo zinadumu zaidi, lakini kwa macho hazitofautiani sana na zisizotiwa, na muuzaji wa barabarani mara nyingi mwenyewe hajui anauza ipi. Turubali la pamba nalo lina ugonjwa wake: ukilikunja likiwa bichi linaoza. Mzee alikuwa akimwambia kila mnunuzi jambo hilo hata kama alishamwambia mara kumi.

Sasa hesabu. Nachukua tarakimu za mfano tu, si bei ya soko la leo. Tuseme karatasi la plastiki ni shilingi 40,000 na linamaliza msimu mmoja wa miezi sita. Turubali zito ni shilingi 200,000 na linadumu miaka mitano. Katika miaka mitano mwenye plastiki atanunua makaratasi kumi, yaani shilingi 400,000, na bado hatujahesabu dagaa walioharibika. Mwenye turubali atakuwa ametoa nusu ya fedha hizo. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Kila mama niliyekaa naye aliifanya kwa vidole kabla sijamaliza kuisema.

Kwa nini basi wananunua plastiki? Kwa sababu shilingi 200,000 kwa mkupuo hawana. Hapa ndipo wataalamu wenzangu wengi wanapokosea wanapowaambia wakulima “nunueni vitu bora”. Mtu maskini hakosi akili ya kuchagua, anakosa fedha ya siku moja. Na duka la vitu vya jeshi lilikuwa na jawabu ya tatizo hilo, tena jawabu ambayo mpaka leo sijaiona katika taasisi yoyote ya fedha niliyoitembelea.

Mzee alikuwa akitoa mali kauli. Hilo peke yake si ajabu, maduka mengi ya shamba yalikopesha. Ajabu ni tarehe zake za kulipa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinakaa pwani, na kila anayetegemea dagaa, kuanzia nahodha mpaka mama anayeuza kuni za kuchemshia, hana kipato kwa siku kadhaa. Kwa hiyo fedha ya Mkokotoni inakwenda na mwezi wa angani. Mzee katika daftari lake hakuandika tarehe 15 au tarehe 30. Aliandika “giza la kwanza”, “giza la pili”, “giza la tatu”, na mdaiwa alipita kulipa giza linapomalizika, fedha ikiwa bado iko kiunoni na haijaingia katika mambo ya nyumbani. Bei yake ilikuwa moja, ukilipa taslimu au kidogo kidogo, kwani hakutaka riba imguse.

Linganisha na mkopo wa kisasa wenye marejesho kila tarehe moja ya mwezi. Mwezi wa kuandama una siku 29 na nusu hivi, wakati mwezi wa kalenda ya ofisini kwa kawaida ni siku 30 au 31. Ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, jambo ambalo kila mtoto wa Unguja analijua. Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili. Mvuvi anayeanza mkopo wake na tarehe ya kulipa iliyoangukia siku mbili baada ya giza kumalizika atakuta tarehe hiyo inasogea karibu siku moja kila mwezi. Mwezi wa tano au wa sita tarehe ileile imeshaingia ndani ya mbalamwezi, fedha ya giza imeshaliwa na ya giza jipya haijaja. Anachelewa. Anapigiwa simu. Anaandikwa kuwa mkopaji asiyeaminika, ilhali kilichobadilika si uaminifu wake bali ni mahali mwezi ulipo.

Nimewahi kulieleza jambo hili mbele ya maofisa wa mikopo na wakaniambia kompyuta zao haziwezi kupanga marejesho kwa mwezi wa kuandama. Sikuelewa inakuwaje, maana zipo simu za mkononi zinazoonesha kalenda zote mbili.

Nisije nikaeleweka kwamba kitu kikitoka jeshini basi ni bora. Nchi hii ina mfano mkubwa wa kinyume chake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mapya hayakuwa yakipatikana baada ya vita, hivyo wakakusanya mitambo iliyobakia ya kijeshi, mengine yakatoka katika maghala ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, na wakafika hadi kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Mitambo mingi ilikuwa imechoka, vipuri havikuwepo, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 na hasara ikaandikwa kuwa pauni milioni 36.

Kifaru kile na turubali la Mkokotoni vyote vilikuwa masalia ya vita. Tofauti ni kwamba London hakuna aliyeuliza “la kulimia udongo gani?”. Mzee wetu alikuwa akiuliza kabla hajafungua hata kamba ya mzigo. Na alipouza kitu kikaharibika upesi, mnunuzi alijua pa kukirudisha, kwa kuwa muuzaji alikuwa anaswali naye msikiti mmoja.

Duka lilikufa kwa sababu kadhaa na hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, Unguja ilikuwa pahala pa kuingizia bidhaa kwa ushuru mwepesi, na wafanyabiashara wa bara walivuka kuja kununua huku. Faida hiyo ilipungua kadiri ushuru wa pande mbili ulivyokaribiana, na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza Januari 2005 ulikamilisha kazi hiyo. Plastiki rahisi ziliingia. Watoto wa mzee walipata kazi nyengine, na mwenyewe macho yalipungua nguvu akawa hawezi kusoma daftari lake.

Kuna wanaoniuliza kwa nini kijana mwenye mtaji asilifufue duka lile kama lilivyokuwa. Nawajibu kwamba awe mwangalifu na upande wa nguo. Sheria inakataza raia kuvaa au kuuza sare za majeshi na nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia na wafanyabiashara kuzisalimisha. Mfanyabiashara mdogo anayefungua robota la mitumba akakuta nguo za mabaka asizitundike dukani kwa tamaa ya faida ya siku mbili. Nikumbukavyo, mzee hakuwahi kuuza magwanda. Turubali, kamba, jerikeni na dira ndizo zilizomlisha.

Wanaonijibu kwamba Serikali siku hizi inatoa vifaa nao wana haki yao. Katika sera ya uchumi wa buluu, boti na vifaa viligawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19, na wapo walioinuka. Lakini kifaa kinachogawiwa kinafika mara moja. Kamba ya mwani inakatika Jumanne, mwezi wa nane, na mwenye kamba anahitaji pa kununua nyengine Jumatano, kwa muuzaji anayejua tofauti ya kamba itakayokaa chumvini na ile ya kufungia mizigo. Mafungu ya misaada hayawezi kufanya kazi hiyo na wala hayakutengenezewa hiyo.

Nalitaja pia suala la jaketi za kujiokolea kwa sababu linaniuma. Duka lile lilikuwa nazo, za zamani, nzito, na watu waliozinunua walitaniwa. Baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011 karibu na Nungwi, hakuna tena anayecheka. Hata hivyo, leo ukitafuta jaketi ya kweli hapa Kaskazini, yenye kimo cha mvuvi na bei ya mvuvi, utahangaika mpaka mjini na pengine urudi mikono mitupu, ilhali utakuta kila pahala jaketi za rangi nzuri zilizokusudiwa watalii wakae nazo nusu saa kwenye maji ya kina kifupi.

Kinachoweza kufanyika si kikubwa. Vikundi vya hisa vipo karibu kila kijiji, na akina mama wa dagaa na wa mwani ndio walio mbele katika kuviendesha. Kikundi cha watu 25 kinachotenga sehemu ndogo ya mfuko wake kununua maturubali mazito kwa jumla, kisha kikawauzia wanachama wake mali kauli kwa magiza manane au kumi, kimeshafungua lile duka bila ya kukodi chumba. Daftari liandikwe kwa giza. Bei iwe moja. Na awepo mtu mmoja, ikiwezekana mzee aliyewahi kutumia vifaa hivyo, ambaye kazi yake ni kuuliza “la kufunika nini?” kabla ya fedha kutoka. Mtu huyo alipwe, hata kama ni kidogo. Ujuzi wa bure hauchelewi kuondoka.

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye duka lake, naona nafasi hapa ambayo haijazibwa na mtu. Asishindane na wauzaji wa plastiki kwa bei, atashindwa. Ashindane kwa kuuza kitu kinachorudishwa kikiharibika, na kwa kukubali kulipwa giza linapokwisha.

Anayekwenda kununua turubali mwenyewe aangalie mambo haya. Alinyanyue juu lielekee jua: likionesha vitundu vingi vya mwanga kati ya nyuzi, halitazuia mvua. Avute kwa nguvu pale penye pete za chuma za kupitishia kamba, kwani huko ndiko linakoanza kuchanika, na pete nzuri zinakuwa zimeshonewa kitambaa cha pili chini yake. Aangalie kama mishono ni miwili miwili. Alinuse, lenye harufu ya ukungu lilishakunjwa bichi na maisha yake yamepungua. Kama ni la plastiki, amuulize muuzaji waziwazi kama limetiwa dawa ya jua, na akijibu ndiyo amwambie aandike kwenye risiti.

Mvua za masika huanza Machi. Kikundi kinachotaka maturubali yawe yameshafika kabla ya hapo kianze kukusanya fedha giza la Disemba, kitoe oda Januari, na mzigo ukifika wanachama waukunjue wote na kuukagua kipande kwa kipande hapo hapo bandarini, kabla hawajamaliza kulipa.